Waandishi wa Arusha, Pandeni Baiskeli!

Mwezi uliopita, kwenye kijiwe chetu cha kusomeana, nilisoma kurasa sita nilizoandika juu ya barabara ya kuuzunguka Mlima Meru kwa baiskeli. Nilipomaliza pakawa kimya. Kisha mshkaji mmoja, mwandishi mzuri tu, mwenye hadithi mbili zilizokwisha kuchapwa, akakohoa akasema: "Dada, lugha ipo, lakini baiskeli si ni mada ya insha ya darasa la tano?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana kijiweni ukinuna umekwisha. Sasa namjibu, na namjibu kwa maandishi kwa kuwa humu hakuna wa kunikatiza.

Ndugu msomaji, nasema hivi: sisi vijana tunaojiita waandishi wa Arusha hatuijui nchi tunayokaa. Tunaijua Sanawari mpaka Kijenge, tunajua bei ya chipsi mayai katika kila mtaa. Lakini toka Tengeru kwenda mbele, au toka Ngaramtoni kupanda, ni kitu tulichokiona kupitia dirisha la Hiace tukiwa tumebanwa wanne kwenye siti ya watatu, macho kwenye simu. Nchi tunayoipita hivyo hatuwezi kuiandika. Matokeo yake wanaiandika wengine, tena kwa kuiuza.

Hebu chukua hadithi zetu za miaka hii miwili mitatu uzipange mezani. Shujaa anasafirije? Ana gari, au anatamani gari, au ameachwa na mchumba kwa sababu ya mwenye gari. Tumerithi. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, hao tuliowasoma mpaka kurasa zikanyofoka, mimi siwakumbuki juu ya baiskeli. Sina ugomvi na wazee wale. Walifanya kazi yao, na waliwafanya watu waliokuwa hawasomi wakasoma. Lakini sisi tumebaki na magari yao tu, ilhali wengi wetu hata nauli ya kurudi nyumbani kutoka kijiweni tunaazimana.

Baiskeli inaingia kwenye hadithi zetu pale tunapotaka kuchekesha. Ni ya mshamba aliyechomeka suruali ndani ya soksi, amefunga kuku kwenye keria, anaingia mjini na kupigwa butwaa na taa za barabarani. Picha hiyo naijua vizuri kwa sababu na mimi nimeichora. Mwaka 2017 niliandika hadithi fupi, ikasomwa, ikapigiwa makofi. Ndani yake kuna mzee wa ndizi anayeanguka na baiskeli yake mbele ya hoteli, mikungu inatawanyika, watalii wanapiga picha. Mzee yule nilimwiba kutoka kwa mjomba wangu. Nilichukua soksi zake, kofia yake, kengele yake isiyolia. Sikuchukua kingine chochote, kwa kuwa sikuwa najua kingine chochote.

Mjomba anakaa Poli, huko juu kwa Wameru. Kwa miaka ishirini na kitu alikuwa anatoka nyumbani saa tisa usiku na mikungu minne kwenye Phoenix, miwili ubavuni, miwili kwenye keria, anateremka taratibu kwa njia ya udongo huku breki zinalia na yeye mwenyewe anasaidia kwa visigino, mpaka anafika kwenye lami. Kutoka hapo anakanyaga mpaka soko la Kilombero, ili awahi kabla wanunuzi hawajashusha bei. Mkungu mmoja uliokomaa jaribu tu kuunyanyua, kisha uzidishe kwa nne. Baada ya hapo anarudi, safari hii ni kupanda, akiwa na sukari, mafuta ya taa na daftari zetu. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Nami nilipomweka kwenye hadithi nilimwangusha ili watu wacheke!

Mwaka 2019, alfajiri, kabla hajafika Ngulelo, gari lilimpiga kwa nyuma na halikusimama. Mfupa wa paja ukavunjika. Nilikwenda kumwona wodini. Waliokuja kumpa pole, mmoja baada ya mwingine, waliuliza swali lilelile: "Kwani mzee alikuwa anatafuta nini barabarani na baiskeli saa ile?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza lile gari lilikuwa linatafuta nini.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza tunavyosema. Kiswahili chetu kina kauli ya kutendwa, na ni kauli nzuri, lakini angalia tunavyoitumia barabarani. Mtu wa baiskeli "amegongwa". Amegongwa na nini? Na gari. Gari, si dereva. Tena tukiona hiyo haitoshi tunaongeza kwamba "aliingia barabarani ghafla". Mjomba wangu hakuingia barabarani ghafla; alikwisha kuingia miaka ishirini na kitu kabla ya siku ile. Sasa kama sisi tunaokesha na maneno hatulioni hilo, nani ataliona? Askari wa usalama barabarani ana fomu ya kujaza. Mwandishi wa gazeti ana mistari mitano. Sisi tuna nafasi tunayoitaka, na tunaijaza magari ya kuazima.

Barabara yenyewe sasa si ile. Kutoka Sakina mpaka Tengeru ni njia nne, kilomita 14 na ushei, na kusini ya mji kuna barabara ya mchepuko ya kilomita 42 ya kuyaondoa malori mjini. Sipingi, aliyewahi kukaa saa mbili kwenye foleni ya Sanawari hawezi kupinga. Lakini barabara ikipanuka na mwendo unaongezeka, na mwenye baiskeli anasukumwa pembeni, na huko pembeni ni mtaro, mitumba, bodaboda wanaosubiri abiria, na mama wa mahindi ya kuchoma ambaye naye anatafuta riziki yake. Halafu eti watu wa baiskeli hawana nidhamu. (Na hao bodaboda wanaomcheka mwenye Phoenix wajue jina lao limetoka wapi: ni wabeba abiria kwa baiskeli wa mpakani Busia, miaka ya 1960, waliokuwa wakiwavusha watu na mizigo toka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda. Pikipiki imekuja juzi ikakuta jina lipo.)

Mjomba alipotoka hospitali, mguu haukurudi kuwa ule. Phoenix ikawa inakaa chini ya mgomba, kuku wanalala kwenye keria. Nikaiomba. Bibi alikuja juu kuliko wote: mwanamke mzima, juu ya baiskeli, tena ya kiume, ile yenye bomba la katikati! Mjomba alisema neno moja tu: "Mwanangu, kwanza ujue kuziba pancha." Nikajifunza kuziba pancha kabla ya kujua kuendesha. Kuendesha nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na sita kwenye uwanja wa shule ya msingi, watoto wa darasa la pili wakinisukuma na kunizomea. Kwa wasichana wanaosoma hapa naongeza hivi: mtasemwa. Nilipofika Tengeru mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kusemwa na makonda watatu na mchungaji mmoja.

Kuuzunguka mlima kulinichukua siku mbili, kilomita mia na kitu, na sehemu nyingi nilikuwa nasukuma. Huku kusini kila baada ya mwendo mfupi unapita juu ya mto au mfereji. Kwenye Hiace huvihisi. Kwenye baiskeli unavihesabu, kwa kuwa kila mto ni mteremko na kila mteremko una mlima wake wa kuulipa. Hewa inapoa ghafla ukiingia kwenye migomba na inapata joto ukitoka. Tengeru, nyuma ya kelele za soko, kuna ziwa Duluti limetulia ndani ya kreta, na karibu yake kuna makaburi ya Wapolandi. Naam, Wapolandi: wakimbizi wapatao 5,000 waliletwa pale kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili, wakajenga makanisa na shule na kulima. Nilikuwa nimepita pale mara mia bila kujua. Nani kati yetu ameandika hata shairi moja juu ya mtoto wa Kipolandi aliyekulia Tengeru akila ndizi za Wameru? Tunaandika juu ya theluji ambayo hatujaiona, na mtu aliyeikimbia theluji amezikwa jirani na soko letu.

Ukishapita Usa River unakunja kushoto. Lami inakuacha na msitu unaanza. Barabara ya kwenda Ngare Nanyuki inakatiza ndani ya Hifadhi ya Arusha, na huko twiga anakuangalia wewe na baiskeli yako kama mtu aliyekukuta umevaa nguo kinyume. Twiga sikumwogopa. Nyati ndiye mwenyewe. Nilisubiri nusu saa nzima nyuma ya kundi la watu wa mguu waliokuwa wanasubiri nyati wavuke, na katika nusu saa hiyo nilipata hadithi nyingi kuliko nilizopata kijiweni mwaka mzima.

Na ukitoka upande wa pili, jamani, ni nchi nyingine. Mlima wa mita 4,566 umezuia mvua yote ikabaki kusini; huku ni vumbi, miiba, upepo, na Kilimanjaro mbele yako bila pazia. Jina lenyewe kwa Kimaasai ni maji mekundu. Watu wanalima nyanya kwa maji ya mifereji, matenga kwa matenga, na nyanya hizo ndizo tunazozila mjini bila kuuliza zilikotoka. Na watu wale wana meno ya kahawia. Sisi mjini tumefanya utani: ukimwona mtu ana meno vile unamwambia "wewe wa Maji ya Chai". Ni floraidi, ndugu zangu. Imo kwenye maji yanayotoka kwenye miamba ya mlima huohuo tunaoupiga picha. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi za huko zinapita kiwango hicho kwa mbali. Si meno tu. Mtoto akinywa miaka mingi hata mifupa inapinda. Nilikunywa chai kwa mama mmoja ambaye alinipa kikombe, akaenda kwenye pipa la maji ya mvua, akachota kidogo, akasema, "Haya ni ya wageni na watoto." Yeye alikunywa ya mferejini.

Kule Ngare Nanyuki ndiko Waingereza walikowafukuza Wameru mwishoni mwa mwaka 1951. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru wakachanga hela wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, mpaka New York, mwaka 1952, akasimama Umoja wa Mataifa na kuieleza dunia. Kabla hata ya TANU kuzaliwa! Yeye na wakili Earle Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kikachapwa Nairobi mwaka 1967, kwa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili iko wapi? Tamthilia iko wapi? Mimi niliyesoma historia mpaka kidato cha sita nilijibu swali la mtihani juu yake kwa mistari minne, na sikujua kwamba mahali penyewe ni safari ya siku moja ya baiskeli kutoka nyumbani.

Nilivyorudi mjini nikaona kipeperushi cha safari za baiskeli kwa watalii. Njia ni ileile niliyopita! Imepigiwa picha vizuri, twiga yupo, kahawa ipo, wenyeji wanapunga mikono. Kinasema kwamba Momella ndiko ilikochezwa filamu ya Hatari!, ile ya mwaka 1962 ya John Wayne. Ni kweli, na sina shida na filamu. Lakini John Wayne aliyekuja kukimbiza vifaru mbele ya kamera ametajwa, na Kirilo hakutajwa. Mwenye kipeperushi simlaumu. Yeye ni mfanyabiashara na ameandika anachojua kukiuza. Nawalaumu wenye kalamu waliozaliwa hapa ambao hawakumpa kitu kingine cha kuandika. Machalii wa muziki wametushinda: X Plastaz toka 1996 walikwishaona kwamba sauti ya Kimaasai inaweza kukaa ndani ya hip hop ya Arusha na dunia ikasikiliza. Sisi bado tunauliza kama mada inafaa.

Najua mtakachosema. Kwanza, kwamba nasifu umaskini. Sisifu. Aliyepanda toka Usa River na mzigo hawezi kuusifu. Mjomba wangu angekuwa na Canter angeiendesha, na mimi ningemshangilia. Ninachokataa ni kumfanya mtu kichekesho kwa sababu hana Canter. Pili, mtasema mtu anaweza kuandika juu ya mahali bila kwenda, ndiyo kazi ya kubuni. Kweli, wapo wenye kipaji hicho. Ila sisi tunabuni Dar na Johannesburg tusikokwenda, halafu Oldonyo Sambu tunakoweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo hatubuni wala hatuendi. Mwalimu alipotaka kuonyesha kwamba Azimio lililotangazwa katika mji wetu huu si la karatasi, Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza. Alikuwa rais, magari alikuwa nayo.

Tatu, mtasema baiskeli imepitwa na wakati. Hapo nacheka. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na vilima vya Kigali viliwatoa jasho mabingwa wa Ulaya. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani mpaka mwisho. Chris Froome aliyeshinda Tour hiyo mara nne, kuanzia 2013, alizaliwa Nairobi na kufundishwa na David Kinjah kule Kikuyu, kwenye njia za vumbi kama hizi zetu. Miinuko tunayo, hewa nyembamba tunayo. Mji wetu uko karibu mita 1,400 na barabara zote za kaskazini zinapanda. Lakini hata hilo silitaji ili mtu aote ubingwa. Nalitaji kwa sababu najua sisi hatuamini kitu mpaka kionekane kwenye televisheni.

Sehemu ya mwisho ya mzunguko, kutoka Ngare Nanyuki kwenda Oldonyo Sambu kwa nyuma ya mlima, sitaielezea. Nimejaribu mara nne na kila mara natoka na maneno ya kipeperushi. Nitasema tu kwamba nilipata pancha tatu, kwamba kijana mmoja mchunga mbuzi alinisaidia kushikilia gurudumu na hakutaka hela, alitaka nimwachie kengele, na kwamba nilipoigusa lami ya Namanga nilikaa chini nikalia kidogo. Kutoka Ngaramtoni kuja mjini sehemu kubwa ni mteremko. Unaachia pedeli, unapumzika, mji unakujia.

Kengele nilimwachia. Ilikuwa hailii hata hivyo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili kamili asubuhi, nitakuwa Mnara wa Saa na Phoenix ya mjomba. Hatutauzunguka mlima, msiogope. Tutakwenda Tengeru tu, kisha tupande Poli kumsalimia mwenye baiskeli. Ameahidi ndizi za kuchoma na masahihisho. Zile kurasa sita nimemsomea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kona mbili nimezikosea na kwamba pale ninaposema nilikanyaga mlima wote nimesema uongo, kwa sababu pale hakanyagi mtu. Asiye na baiskeli, yuko fundi pale Mianzini anakodisha kwa siku. Njooni na pampu, kiraka na maji. Yule mshkaji wangu wa darasa la tano nimekwisha kumwekea ya kwake: breki ya mbele inakamata kidogo, ya nyuma ajiandae na visigino.